Juni Bondeni na Milimani: Namna ya Kusoma Anga la California Joto Linapoanza

Mabibi na mabwana, wakulima, madereva, wasimamizi wa kazi za mashambani, nanyi mnaopanda milima kila mwisho wa wiki, karibuni.

Mada yetu ni hali ya hewa ya mwanzo wa majira ya joto katika Bonde Kuu la California na milima ya Sierra Nevada iliyo mashariki yake. Swali tunaloulizwa kila mwaka ni lile lile: je, Juni hii itakuwa ya joto kali? Swali si baya, ila linaacha nusu ya habari. Mwezi huu bonde na mlima ni kitu kimoja. Siku ambayo Sacramento inafika nyuzi 38 za Selsiasi ndiyo siku ambayo mito inayotoka Sierra inajaa maji ya theluji, na ndiyo siku ambayo watu wengi huikimbilia mito hiyo ili wapoe. Anayesoma utabiri wa bondeni peke yake huona hatari ya joto tu. Ya baridi hukutana nayo akiwa ameshaingia majini.

Tuanze na zile ramani za rangi za mwelekeo wa majira, kwa sababu ndizo zinazosambazwa sana kwenye simu. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani hugawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya kawaida, karibu na kawaida, na chini ya kawaida. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina takriban asilimia 33. Ramani ikionyesha asilimia 40 za joto juu ya kawaida, maana yake ni kwamba mizani imeinama kidogo upande huo. Haisemi joto litazidi kwa kiasi gani, wala wiki gani. Kawaida yenyewe ni wastani wa miaka 1991 hadi 2020. Kuhusu mvua ya Juni, msihangaike na ramani hiyo: wastani wa Sacramento kwa mwezi mzima ni milimita 5 hivi, kwa hiyo kijimvua kimoja cha alasiri kinatosha kuufanya mwezi uandikwe kuwa wa mvua nyingi. El Niño na La Niña, yaani kupata joto au kupoa kwa maji ya Pasifiki ya ikweta, nazo zina nguvu zaidi juu ya majira yetu ya baridi kuliko juu ya Juni. Ramani za majira zimfae anayepanga bajeti ya umeme. Kwa kazi ya wiki ijayo, tazameni mambo mengine.

La kwanza ni umbo la bonde. Lina urefu wa kilomita 700 na ushee, na limezungushiwa milima kila upande: safu za pwani magharibi, Sierra Nevada mashariki, Cascade kaskazini, Tehachapi kusini. Ni chumba chenye dirisha moja tu. Dirisha hilo ni mlango wa Carquinez, pale mito ya Sacramento na San Joaquin inapopenya kuelekea ghuba ya San Francisco. Hapo ndipo hewa ya bahari inaweza kuingia bila kupanda mlima.

Joto kali hutokea pale tuta la mgandamizo mkubwa wa hewa linapokaa juu ya magharibi ya Marekani. Hewa iliyo chini ya tuta hilo hushuka taratibu, na hewa inayoshuka hubanwa na kupata joto, mawingu yakayeyuka. Wataalamu hupima nguvu ya tuta kwa kuangalia ni kimo gani mgandamizo unafika milibari 500. Kimo hicho kikizidi mita 5,880, bonde litakuwa la moto. Kikikaribia mita 5,940 au kupita, tunazungumzia joto la kuvunja rekodi za siku.

Lakini kipimo kinachomfaa mtu wa kawaida ni joto la hewa kwenye milibari 850, yaani kimo cha mita 1,500 hivi. Hewa kavu hubadilika joto kwa karibu nyuzi 10 kila kilomita inapopanda au kushuka. Alasiri ya Juni jua huwa limeshaikoroga hewa yote kutoka ardhini hadi kimo hicho. Basi chukueni joto la kule juu, ongezeni 14 au 15, mtapata kilele cha joto cha bondeni. Juu pakiwa na nyuzi 20, bondeni tarajieni 34 au 35. Pakiwa na 24, tarajieni 38 au 39. Hesabu hii ni ya mkono, na ina sababu zake za kukosea: moshi mzito au mawingu ya juu hupunguza jua, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji hupoza hewa ya jirani, na hewa ya bahari ikiwahi kuingia, bonde linakuwa na tabaka la baridi chini ambalo jua halikuweza kulikoroga. Ndiyo maana Redding, iliyo mwisho wa bonde upande wa kaskazini, mbali na dirisha letu, ndiyo iliyofika nyuzi 48 za Selsiasi, yaani 119 za Farenhaiti, tarehe 6 Julai 2024.

Hapa tukae kidogo, maana hewa hiyo ya bahari inayoingia kwa dirisha letu, iitwayo upepo wa Delta, ndiyo inayoamua kama usiku utalalika.

Mwezi Juni maji ya bahari ya pwani yetu huwa na nyuzi 11 hadi 14. Upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na ya chini yaliyo baridi huja juu kuchukua nafasi yake. Hewa iliyolala juu ya maji hayo hupoa, ikawa tabaka zito la ukungu na mawingu ya chini. Jua likichoma bondeni, hewa ya bondeni hupanuka na mgandamizo hushuka. Baharini unabaki juu. Tofauti hiyo ndiyo inayovuta hewa ya bahari kupitia Carquinez. Kwenye namba, toeni mgandamizo wa Sacramento kutoka ule wa San Francisco. Zikibaki milibari 3 au zaidi alasiri, kwa kawaida upepo utafika Sacramento jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili za usiku. Ikibaki milibari 1 au pungufu, msiutarajie. Tofauti ikigeuka hasi, hewa inatoka bara kwenda baharini, na huo ndio usiku mbaya.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu kina cha tabaka la bahari nacho kina neno. Likiwa na mita 300 tu, vilima vya pwani vinalizuia na kinachopenya ni kijitiririko. Likifika mita 600 na kuendelea, linamiminika kupitia kila pengo. Sasa oneni ubaya wake: lile tuta la mgandamizo mkubwa linaloleta joto hulikandamiza tabaka la bahari na kulifanya jembamba. Upepo wa Delta hukosekana hasa pale unapohitajika zaidi. Kwa hiyo mwisho wa wimbi la joto hauji kwa sababu jua limechoka. Huja pale tuta linapolegea na tabaka kunenepa tena. Dalili ya mapema ni kituo cha Fairfield, kilicho kati ya ghuba na Sacramento. Upepo wa kusini-magharibi ukianza kuvuma kwa nguvu pale alasiri, Sacramento itapata nafuu usiku huo, Stockton na Modesto pia. Fresno, iliyo kusini zaidi, hupata mabaki. Bakersfield, mwisho wa bonde upande wa kusini, isiutegemee sana.

Hiyo ndiyo sababu tunawasihi mtazame joto la usiku kabla ya la mchana. Kiwango cha chini cha kawaida cha Juni ni nyuzi 14 hivi Sacramento na 18 hivi Fresno. Mchana wa nyuzi 39 unaofuatwa na usiku wa nyuzi 15 mwili unaustahimili. Mchana wa nyuzi 37 unaofuatwa na usiku wa nyuzi 23, siku tatu mfululizo, ndio unaojaza wodi. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ina kipimo kiitwacho HeatRisk, chenye ngazi tano kuanzia 0 ya kijani, kisha njano, chungwa, nyekundu, hadi 4 ya zambarau-waridi. Kipimo hicho hupima pamoja joto la mchana, joto la usiku, muda wake, na jinsi lilivyo geni kwa tarehe hiyo. Ndiyo maana nyuzi 36 za mwanzo wa Juni zinaweza kupewa rangi nzito kuliko nyuzi 36 za Agosti. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea, na mwanzo wa Juni bado haujazoea.

Wasimamizi wa mashamba na ujenzi, sheria ya California inayotumika tangu 2005 inawahusu. Joto likifika Farenhaiti 80, sawa na nyuzi 26.7 za Selsiasi, kivuli lazima kiwepo. Likifika 95, yaani nyuzi 35, katika kilimo, ujenzi na kazi nyingine zilizotajwa, taratibu za joto kali huanza: ufuatiliaji wa karibu wa wafanyakazi, ukumbusho wa kunywa maji, na mkutano kabla ya kazi. Maji ni lita moja hivi kwa kila mtu kila saa, na yawe karibu na watu, si kwenye gari lililo mwisho wa shamba. Kinachosahaulika ni tafsiri ya wimbi la joto katika sheria hiyo: siku yoyote ambayo kilele kinachotabiriwa ni Farenhaiti 80 au zaidi na pia kinazidi wastani wa vilele vya siku tano zilizotangulia kwa Farenhaiti 10 au zaidi. Baada ya wiki ya baridi ya Mei, siku ya kawaida kabisa ya nyuzi 32 inaweza kuingia humo. Na mfanyakazi mpya kwenye eneo la joto kali aangaliwe kwa karibu siku 14 za kwanza. Anayezimia mara nyingi ni yule wa siku ya pili au ya tatu, aliyeona aibu kuomba kupumzika.

Wakulima, neno moja la maji. Siku ya joto kavu ya Juni zao lililofunika ardhi hupoteza milimita 7 hivi kwa mvukizo. Milimita 1 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo ni mita za ujazo 70 kwa hekta kwa siku. Utabiri ukionyesha siku tano za tuta, pigeni hesabu na anzeni kumwagilia kabla ya siku ya kwanza. Udongo ukishakauka katikati ya wimbi la joto, pampu hazitaweza kulikimbiza deni hilo.

Sasa twende mlimani.

Kukadiria joto la huko mchana, punguzeni nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kimo. Sacramento ikiwa 38, ziwa Tahoe lililo mita 1,900 hivi litakuwa karibu 26, na Tioga, njia ya kuvukia milima iliyo kwenye mita 3,031, utakuwa karibu 18. Usiku hesabu hiyo itupeni. Hewa baridi huteremka na kujikusanya mabondeni, na ndiyo maana Truckee hupata asubuhi za barafu hata mwezi Juni wakati mteremko ulio juu yake una nyuzi 8. Anayepiga hema penye majani mazuri kando ya kijito ndiye anayetetemeka. Apande mita 50 mteremkoni.

Theluji hupimwa kikamilifu tarehe 1 Aprili, kwa mrija unaochomekwa hadi ardhini na kupimwa uzito, mbinu iliyoanzishwa na James Church wa Nevada mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachotafutwa ni maji yaliyomo, maana kina peke yake hudanganya. Theluji ya masika ina uzito wa asilimia 40 hadi 50 ya maji, hivyo mita moja yake ni milimita 400 hadi 500 za maji. Miaka hutofautiana mno: tarehe hiyo mwaka 2015 theluji ya jimbo ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani, na mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani, hata barabara ya Tioga ikafunguliwa tarehe 22 Julai. Kabla ya kupanga chochote cha Juni, ulizeni kwanza mwaka huu umefanana na upi.

Watu hudhani joto la hewa ndilo linaloyeyusha. Kazi kubwa hufanywa na jua. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Ya Juni, iliyochakaa na kuchafuka vumbi na sindano za misonobari, hurudisha nusu hivi, na iliyobaki huwa moto wa kuyeyusha. Theluji ikishafika nyuzi 0 kutoka juu hadi chini, kila jua linaloichoma linatoka kama maji. Kiasi cha milimita 30 kwa siku si cha ajabu. Juu ya kilomita za mraba 1,000, hizo ni mita za ujazo milioni 30 kwa siku, sawa na karibu mita za ujazo 350 kila sekunde.

Maji hayo yana saa zake. Theluji huyeyuka kwa wingi saa saba hadi saa kumi alasiri, lakini maji yanahitaji muda kupenya theluji, kushuka vijito na kufika mtoni. Kijito kidogo kilicho karibu na theluji hujaa jioni. Mto mkubwa kama Merced ndani ya Yosemite hufikia kilele usiku, na kupungua asubuhi. Mpanda mlima avuke vijito alfajiri. Akivuka asubuhi akapanga kurudi alasiri, ajue anarudia kijito kingine: nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo ni mara nne. Maji ya magotini yaendayo kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Pale theluji inapopita juu ya kijito kama daraja, sikilizeni. Mkisikia maji chini yake, zungukeni, maana huliwa kutoka chini na kwa juu haionyeshi kitu.

Chini ya mabwawa hali ni tofauti, na wengi hudanganyika hapo. Bwawa kama Folsom hutoa maji ya chini, yaliyo baridi, kwa hiyo mto American ndani ya mji wa Sacramento unaweza kuwa baridi hivyo hivyo siku ya nyuzi 40. Mtu akitumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, huvuta pumzi kwa mshtuko bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji, anavuta maji. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inatii. Kuzimia kwa baridi huja baada ya muda mrefu zaidi, lakini wengi hawafiki huko, wanazama ndani ya zile dakika za mwanzo, wakiwemo waogeleaji hodari. Koti la kuelea livaliwe kabla ya kuingia, kwa sababu ndani ya maji hayo vidole havitafunga kifungo.

Limebaki jambo linaloharibu utabiri wa Juni kuliko yote: vimbunga vidogo vya baridi vilivyokatika kutoka mkondo mkuu wa upepo na kuzurura vyenyewe nje ya pwani. Havina wa kuvisukuma, na kosa la kilomita 200 katika njia yake hugeuza siku ya jua kuwa siku ya radi. Mkiona utabiri wa siku ya tano unabadilika kila asubuhi, sababu mara nyingi ni hii, na dawa ni kusoma maelezo marefu ya watabiri yatolewayo alfajiri na alasiri, ambamo wao wenyewe huandika kiasi wanachouamini. Picha ya jua au wingu kwenye simu haina nafasi ya shaka.

Kimbunga hicho kikipita, hewa ya juu huwa baridi, ardhi ya mlima imechomwa na jua, na theluji inatoa unyevu. Mawingu huanza kuchipua juu ya ukingo wa Sierra kabla ya saa sita mchana; yakiwa marefu kuliko mapana, mvua ya mawe na radi zaweza kuwa saa moja au mbili mbele. Muwe mmeshashuka kutoka kwenye matuta kufikia saa tano au sita. Mkiona mwali, hesabuni hadi ngurumo: sekunde 3 ni kilomita moja. Sekunde zikiwa 30 au chini yake, mko ndani ya hatari, na msirudi juu hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Theluji mpya yaweza kushuka hadi mita 2,500 au chini zaidi, kwa hiyo dereva anayevuka milima kwa njia ya Sonora au Tioga asitoke na matairi yaliyochakaa kwa sababu tu Modesto kuna jua. Bondeni nako, mvua hiyo hiyo ikiikuta cheri iliyoiva, maji hukaa kwenye kikonyo, tunda hunywa na kupasuka. Ndiyo maana wenye mashamba hukodi helikopta kuyapuliza makavu.

Halafu huja upepo wa kaskazini, siku moja au mbili baada ya kimbunga kuondoka kuelekea mashariki. Watu hushangilia anga kuwa safi. Wazima moto hawashangilii. Upepo huo hushuka kutoka milimani, hupata joto na kukauka, unyevu wa hewa ukashuka chini ya asilimia 15, wakati majani ya vilima vya chini yameshakuwa ya rangi ya dhahabu. Kwa mkulima wa mpunga aliyemwaga mbegu kwa ndege Mei, upepo huo husukuma maji ya shambani na kung'oa miche isiyoshika mizizi, ikalundikana upande wa kusini. Apunguze kina cha maji kabla haujafika. Anayefyeka majani kwa mashine afanye asubuhi mapema, maana jiwe moja likigongwa na chuma alasiri linatosha kuwasha moto.

Radi kavu ndiyo hatari iliyo mbaya zaidi: mvua huvukiza kabla ya kufika chini, umeme unafika. Tarehe 20 na 21 Juni 2008 radi za namna hiyo ziliwasha moto sehemu zaidi ya elfu moja kaskazini mwa California. Moto wa radi waweza kufukuta ndani ya gogo siku kadhaa kisha ukainuka upepo unapokuja, kwa hiyo wenye nyumba vilimani wakague maeneo yao siku tatu au nne baada ya radi, hata kama hapakuonekana moshi siku ile.

Kuanzia Julai, unyevu wa kutoka Mexico na Arizona huanza kupanda juu ya Sierra kutokea kusini-mashariki, na radi hazihitaji tena kimbunga cha baridi ili zitokee. Mito nayo huwa imepungua, isipokuwa baada ya majira ya theluji nyingi. Hesabu hizi tulizozitoa ni za Juni.